Kigawa mwanga na kijumuisha mwanga: maana, uundaji na matumizi

kigawa mwanga (ngeli ya KI-VI, wingi: vigawa mwanga). Kifaa kinachopokea mwanga kutoka katika unyuzi mmoja wa kioo na kuutoa katika nyuzi mbili au zaidi. Visawe: kigawanya mwanga, splita (mazungumzo ya mafundi).

kijumuisha mwanga (ngeli ya KI-VI, wingi: vijumuisha mwanga). Kifaa kinachopokea mwanga kutoka katika nyuzi mbili au zaidi na kuupitisha katika unyuzi mmoja. Kisawe: kombaina (mazungumzo ya mafundi).

Makala haya yanaeleza kazi ya vifaa hivi, namna majina yake yalivyoundwa, tofauti yake na maneno jirani, na mahali ambapo tafsiri isiyo makini inaweza kumpotosha msomaji au kumdhuru.

1. Mahali pa istilahi hizi

Istilahi za mwanga katika nyuzi zilihitajika katika Kiswahili cha kila siku kuanzia mwaka 2009. Mwaka huo kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, kebo ya TEAMS ikafika Mombasa, na Tanzania ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. EASSy ilifuata mwaka 2010. Kabla ya hapo maneno ya fani hii yalikuwa ya wahandisi wachache, nao waliyatumia kwa Kiingereza.

Neno *mkongo* lenyewe linaonyesha jinsi haja hiyo ilivyojibiwa kwa haraka. Katika Kiswahili mkongo ni mti wa mbao ngumu, na Mkongo, kwa herufi kubwa, ni mtu wa Kongo. Karibu nalo lipo *mkonga*, yaani pua ndefu ya tembo, ambalo nalo huonekana katika maandishi kwa maana ya kebo kuu. Nchini Tanzania umbo la *mkongo* limekwisha kupata nguvu ya jina rasmi, na mfasiri hana sababu ya kulibadilisha. Nchini Kenya neno la kawaida ni *faiba*. Hata hivyo, huko Faiba kwa herufi kubwa ni pia jina la huduma ya kampuni moja, kwa hiyo sentensi kama "nimewekewa Faiba" na "nimewekewa faiba" hazina maana ileile.

Mkongo ni kebo kuu, nao hauishii nyumbani kwa mtu. Kati ya kebo kuu na nyumba hukaa kigawa mwanga. Jina la kebo kuu limekuwa la kila mtu kwa sababu lilitajwa bungeni na redioni, lakini jina la kigawa mwanga limebaki mdomoni mwa fundi aliye juu ya nguzo.

2. Kifaa kinavyofanya kazi

Mfasiri asiyejua kifaa kinavyofanya kazi hawezi kuchagua kitenzi kinachokifaa. Njia ya zamani ya kutengeneza kigawa mwanga ni kushikanisha nyuzi mbili ubavu kwa ubavu, kuzipasha moto na kuzivuta mpaka zinywee. Mahali palipokonda, mwanga uliokuwa ndani ya unyuzi wa kwanza huvuja na kuingia katika wa pili. Urefu wa sehemu hiyo ndio unaoamua kiasi kinachohama: nusu kwa nusu, au sehemu 10 kwa 90, au kiasi kingine. Njia ya pili ni kuchora vijia vya mwanga juu ya kipande bapa cha kioo, kijia kimoja kikigawanyika kuwa viwili, viwili kuwa vinne, na kuendelea hadi 32 au 64.

Kifaa hiki hakihitaji umeme. Hakiongezi wala hakitengenezi mwanga. Huugawa ule kilioupokea. Kila mgawanyo wa nusu kwa nusu hupunguza nguvu kwa takriban desibeli 3. Kwa hesabu tupu, kigawa cha matawi 8 hupunguza desibeli 9, na cha matawi 32 hupunguza desibeli 15. Kwa vitendo cha matawi 32 hufikia karibu 17, kwa kuwa hakuna kifaa kisicho na kasoro. Mtandao wa nyumbani wa aina inayotumika sana huruhusu upungufu wa jumla wa desibeli 28. Ukiondoa 17 za kigawa, na 3.5 za kilomita 10 za unyuzi, zinabaki 7.5 kwa viungio, maungo na tahadhari. Fundi akiongeza kigawa kingine cha matawi 8 kinyemela ili kumfikishia jirani huduma, hesabu hiyo huvunjika, na nyumba za mwisho hukosa mawasiliano.

Kijumuisha mwanga mara nyingi ni kifaa kilekile kilichogeuzwa. Katika mtandao wa nyumbani, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1490 hushuka kutoka kituoni na kugawanywa. Mwanga wa nanomita 1310 hupanda kutoka majumbani na kujumuishwa, katika kisanduku hichohicho. Nyumba 32 haziwezi kupandisha mwanga kwa wakati mmoja, kwa hiyo kituo huzipa zamu, na kila moja hutuma katika sehemu yake ya sekunde.

Jambo linalowashangaza wanafunzi ni kwamba kujumuisha hakurudishi kile ambacho kugawa kuliondoa. Mwanga unaopanda kupitia kigawa cha matawi 32 hupungua kwa kiasi kilekile cha mwanga unaoshuka. Katika kifaa cha nyuzi mbili zilizoyeyushwa pamoja, nusu ya kila mwanga unaoingia huishia katika ncha ya pili iliyofungwa. Ipo aina nyingine ya kijumuisha isiyo na upotevu mkubwa namna hiyo, nayo ni ile inayojumuisha mianga yenye urefu tofauti wa wimbi. Humo kila "rangi" hubaki na utambulisho wake, na upande wa pili hutengwa tena.

3. Uundaji wa majina

Kiswahili kina kiolezo kilichozoeleka cha kuunda majina ya vifaa: kiambishi *ki-*, shina la kitenzi lenye *-a*, kisha nomino inayotendwa. Ndivyo yalivyoundwa *kipaza sauti*, *kinasa sauti* na *kipimajoto*. *Kigawa mwanga* na *kijumuisha mwanga* yanafuata kiolezo hicho, na msomaji anayesoma neno kwa mara ya kwanza hulielewa bila kufunua kamusi.

Maumbo mengine ya mzizi huohuo yamekwisha kushikwa na maana nyingine:

- *mgawaji* ni mtu, si kifaa;
- *kigawo* na *kigawe* ni istilahi za hisabati, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania anazijua katika Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika;
- *kigawanyo* nalo ni la hisabati, katika hesabu za kugawanya;
- *mgao* ni fungu la mtu, lakini katika Tanzania ya leo masikio ya wengi hulisikia kwanza kama upungufu wa umeme.

Hili la mwisho linahitaji uangalifu. Mkataba unaosema "huduma hii ina *mgao* wa 1:32" utasomwa na mteja kuwa atapata intaneti kwa saa fulani na kuikosa kwa saa nyingine. Kinachokusudiwa ni *uwiano wa mgawanyo*. Uwiano huo husomwa "moja kwa thelathini na mbili". Uwiano wa 1:1 usiandikwe kwa maneno "moja kwa moja", maana hayo yana maana yake nyingine kamili.

Kuhusu *-gawa* na *-gawanya*: kitenzi cha kwanza huelekeza akili kwa wapokeaji (kugawa vitabu kwa wanafunzi), na cha pili kwa kitu kinachokuwa vipande (kugawanya shamba). Kifaa hiki hufanya yote mawili, hivyo *kigawa mwanga* na *kigawanya mwanga* ni sahihi. La kwanza linapendekezwa kwa ufupi wake.

Kwa upande wa pili, kitenzi *-unganisha* kingeonekana chepesi zaidi kuliko *-jumuisha*. Hata hivyo, *kuunganisha nyuzi* tayari ni kazi ya kushikanisha ncha mbili za unyuzi uliokatika, na *kiunganishi* ni kifaa cha kuchomeka, mbali na kuwa aina ya neno katika sarufi. *Kikusanya mwanga* humkumbusha msomaji lenzi inayokusanya miale mahali pamoja. *Kichanganya mwanga* hudokeza kwamba vilivyochanganywa havitenganishiki tena, jambo ambalo si kweli kwa mianga ya urefu tofauti wa wimbi. *-jumuisha* huweka vitu pamoja bila kuvifuta, ndiyo maana kinafaa.

4. Maneno jirani

*Mwanga, nuru, mwale.* Mwanga ni neno la jumla na ndilo la kisayansi. Nuru hubeba uzito wa kifasihi na kidini, na katika mwongozo wa fundi huwa na sauti ya mahubiri. Mwale (wingi: miale) ni mwanga unaokwenda kwa mstari. Hutumika zaidi pale mwanga unaposafiri hewani, nje ya unyuzi.

*Uzi, unyuzi, nyuzi.* Umoja *unyuzi* unafaa zaidi katika fani hii, kwa kuwa *uzi* humpeleka msomaji kwa fundi cherehani. Wingi wake, *nyuzi*, ni pia kipimo cha pembe na cha joto. "Pinda kwa nyuzi 90" na "pinda nyuzi 90" ni maelekezo mawili tofauti kabisa, na unyuzi wa kioo uliokunjwa kwa pembe kali hupoteza mwanga au hukatika. Andika "kwa pembe ya nyuzi 90" au "nyuzi za kioo 90", kadiri inavyohitajika. *Waya* halifai, kwa sababu hudokeza madini na umeme.

*Gawa, tawanya, tenga, pasua.* Kutawanya ni kueneza mwanga kila upande bila mpango, kama ukungu unavyofanya. Kutenga ni kutoa rangi moja kati ya nyingi. Kupasua ni tafsiri ya neno kwa neno isiyofaa. Mwanga haupasuliwi kama gogo, na katika ukanda wa dhahabu, ambako kupasua mawe ni kazi ya kila siku, msomaji ataona nyundo au baruti.

*Upotevu na hasara.* Upungufu wa nguvu ya mwanga ni *upotevu* au *upungufu*. *Hasara* ni ya biashara. "Kigawa hiki kina hasara ya desibeli 17" humfanya msomaji adhani kwamba kifaa ni kibovu, ilhali hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

5. Mfano wa Rwamgasa: nini hugawanywa?

Istilahi hupimwa kwa msomaji anayetoka na maana yake mwenyewe ya neno. Rwamgasa, katika Wilaya ya Geita, ni mfano mzuri. Jina la mahali hapo huandikwa pia Lwamgasa na Rwamagasa. Anayetafuta nyaraka ajaribu maumbo yote matatu. Ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, katika mkoa uliokuwa sehemu ya Mwanza na mikoa jirani hadi mwaka 2012, na ambako mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kiswahili cha huko kina msamiati wake imara: *duara* ni shimo la kuchimbia, *karasha* ni mashine ya kusaga mawe, *mwalo* ni mahali pa kuoshea na kuchenjulia, na *marudio* ni mchanga uliokwisha kupita mara ya kwanza.

Katika msamiati huo kitenzi *-gawana* kina uzito wa pekee. Mawe yakitoka shimoni huwekwa katika viroba, na mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana viroba hivyo kwa makubaliano yao. Kiroba alichochukua mmoja mwingine hana. Aliyepata viroba vichache amepata dhahabu chache, na ugomvi wa mgawanyo ni ugomvi wa riziki.

Msomaji wa aina hiyo akiambiwa kwamba mwanga wa intaneti "hugawanywa kwa nyumba 32", atahitimisha kwa haki kwamba kila nyumba hupata kipande kimoja cha ujumbe kati ya 32. Hapa ndipo maelezo mengi ya Kiswahili yanapoteleza. Kinachogawanywa ni *nguvu* ya mwanga, *ujumbe* haugawanywi. Kila tawi hupokea ujumbe wote, mwanzo hadi mwisho, ukiwa hafifu zaidi. Kifaa cha nyumbani husoma ule uliolengwa kwake na kuacha mwingine, na ndiyo sababu ujumbe huo hufichwa kwa msimbo usije ukasomwa na jirani. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni wa mtu anayepiga mbiu penye mkutano: aliye mbali husikia kwa unyonge, lakini husikia tangazo zima.

Wakati huohuo kuna kitu kingine ambacho nyumba hizo hugawana kweli kama viroba, nacho ni muda wa kutumia njia moja. Ikiwa wengi wanapakua kwa pamoja, kasi ya kila mmoja hushuka. Kwa hiyo mwandishi anapaswa kutaja kinachogawanywa kila mara:

- *Kigawa mwanga hugawa nguvu ya mwanga kwa matawi manane.* (sahihi)
- *Nyumba nane hugawana uwezo wa njia moja.* (sahihi)
- *Kigawa mwanga hugawa intaneti kwa nyumba nane.* (lugha ya mitaani; iepukwe katika maandishi ya kitaalamu)
- *Kila nyumba hupata moja ya nane ya ujumbe.* (si kweli)

Ukanda huo wa dhahabu una kigawa mwanga cha aina nyingine pia, kisicho na uhusiano na intaneti. Katika maabara za kupimia madini hutumika mashine inayotambua elementi kwa mwanga ambao atomi zake hufyonza. Dhahabu hupimwa katika nanomita 242.8 na zebaki katika 253.7. Mashine ya njia mbili huugawa mwanga wa taa: sehemu moja hupita katika sampuli, nyingine hupita kando, kisha mbili hizo hulinganishwa ili kuyumba kwa taa kusiharibu kipimo. Kinachogawa hapo mara nyingi ni kioo kinachoakisi sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu nyingine. Katika muktadha huo neno *kigawa mwale* ni bora, na *kigawa mwanga cha nyuzi* litumike kwa kifaa cha mawasiliano pale ambapo viwili hivyo vinatajwa katika andiko moja.

6. Mwanga usioonekana

Tatizo zito kuliko yote ni la tafsiri ya maonyo. Katika Kiswahili cha kawaida mwanga ni kile kinachotuwezesha kuona. Mahali pasipo na mwanga ni giza. Jicho la binadamu huona takriban kati ya nanomita 400 na 700. Mianga ya nanomita 1310, 1490 na 1550 iko nje ya mipaka hiyo. Ncha ya unyuzi inaweza kuwa inatoa mwanga wa leza huku anayeitazama akiona kioo cheusi tu. Hatari ni kubwa zaidi upande wa shina, kabla ya kigawa, kwa kuwa huko nguvu haijapunguzwa.

Onyo linaloandikwa "Usitazame mwanga" haliwezi kumlinda mtu asiyeona mwanga wowote. Mazoea ya kazi huongeza utata: mafundi hutumia taa ya leza nyekundu inayoonekana kutafuta mahali unyuzi ulipokatika, na msaidizi aliyeizoea huamini kwamba unyuzi wenye mwanga lazima ung'ae. Neno *mionzi* nalo lina mzigo wake. Hospitalini na katika shughuli za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania huhusishwa na eksirei na nyukilia, kwa hiyo likisimama peke yake huzua hofu isiyohusika, na fundi anayejua kwamba kisanduku chake hakina nyukilia hulipuuza.

Umbo linalopendekezwa ni hili:

*Hatari: mwanga wa leza usioonekana. Usitazame ncha ya unyuzi, hata kama huoni mwanga.*

Sentensi ya pili isiachwe kwa kisingizio cha kuokoa nafasi. Maneno "mwanga usioonekana" yanaonekana kujipinga, na ufafanuzi huo ndio unaomwambia msomaji kwamba hayakuandikwa kwa makosa.

7. Upatanisho na mifano

Nomino kuu ni *kigawa*, kwa hiyo upatanisho hufuata KI-VI, wala haufuati ngeli ya *mwanga*:

- *Kigawa mwanga hiki kina matawi kumi na sita.*
- *Vigawa mwanga viwili vilivyowekwa kwa mfuatano hupunguza nguvu mara mbili.*
- *Kijumuisha mwanga cha njia nne kimefungwa upande wa kituo.*

Sentensi ya pili ni sahihi kisarufi, lakini inahitaji marekebisho ya kitaalamu. Vigawa viwili vya matawi manane vinapofuatana, desibeli hujumlishwa (9 na 9 kuwa 18), ilhali sehemu za nguvu huzidishwa: moja ya nane ya moja ya nane ni moja ya sitini na nne. "Mara mbili" haielezi jambo hilo. Andika: *Vigawa mwanga viwili vya matawi manane vilivyowekwa kwa mfuatano huacha moja ya sitini na nne ya nguvu katika kila tawi.*

Njia inayoingia huitwa *shina*, na zinazotoka huitwa *matawi*. Katika mazungumzo ya kazini *splita*, *kombaina* na *poti* hayana kosa, na mwalimu asiwakataze wanafunzi watakaokwenda kufanya kazi na watu wanaoyatumia. Katika mwongozo, mtihani au mkataba, istilahi ya Kiswahili itangulie na ile ya mazungumzo itajwe mara moja, mwanzoni.

Kwa ufupi

Tumia *kigawa mwanga* na *kijumuisha mwanga* kwa vifaa. *Uwiano wa mgawanyo*, si *mgao*. *Upotevu*, si *hasara*. *Unyuzi*, si *waya*. Taja kila mara kinachogawanywa: nguvu, muda au njia. Na katika onyo, eleza waziwazi kwamba mwanga unaodhuru huenda usionekane.